Datsun 240Z ya Tabora: farasi 151, farasi 130, na geji ya kompresheni inayosoma 155

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fundi hapa Isevya, Tabora. Mzee mmoja ameniletea Datsun 240Z, usukani wa kulia, iliyolala bandani miaka mingi. Tumeiwasha na inatembea vizuri tu, ila mzee hajaridhika. Anasema haina nguvu anayoikumbuka. Kitabu kimoja kinaandika farasi 151, kingine 130. Mzee mwenyewe anashikilia kwamba ilikuwa inafika kilomita 240 kwa saa, ndiyo maana ikaitwa 240. Kompresheni napata kati ya 150 na 158 psi kwenye silinda zote sita, wakati kitabu kinataka 171 hadi 185. Nimwambie tufungue injini tubadilishe ringi? Na namba za kweli za gari hili ni zipi? Akiridhika anataka kuipeleka Kigoma kwa mwanawe.

JIBU: Marahaba, fundi. Ringi ziache zilipo. Kwa namba ulizoniandikia injini hiyo ni nzima, na ukiifungua utamla mzee hela yake bure halafu geji itasoma vilevile.

Hiyo 171 hadi 185 ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Geji ikisoma sifuri inakuwa imelinganishwa na hewa ya mahali ilipo, na silinda nayo inaanza kubana ikiwa imejaa hewa hiyohiyo ya mahali ilipo. Pwani hewa inasukuma kwa 14.7 psi. Tabora mjini mko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hapo msukumo ni kama 12.7. Injini haibadilishi uwiano wake wa kubana, kwa hiyo ikipewa kidogo mwanzoni itatoa kidogo mwishoni. Hesabu yake ni fupi: chukua namba ya kitabu, ongeza 14.7, zidisha kwa 0.866, kisha toa 12.7. Ile 171 inageuka 148. Ile 185 inageuka 160. Wewe umepata 150 hadi 158, yaani umeangukia katikati kabisa ya kipimo cha kiwanda. Gari likishafika Kigoma mjini, karibu na ziwa, ambako ni mita 775 hivi, geji ileile kwenye injini ileile itasoma takribani 158 hadi 166 bila mtu kugusa nati.

Muhimu kuliko ukubwa wa namba ni tofauti baina ya silinda. Kitabu cha L24, yaani injini ya 240Z, kinaruhusu silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ile ya juu. Yako ni asilimia 95. Hakikisha tu kwamba ulipima kama inavyotakiwa: injini ya moto, plagi zote sita nje, betri iliyojaa, na pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini muda wote stata inapozungusha. Wengi huisahau hiyo pedeli. Kipepeo cha kaburetaa, kile kibati kinachofungulia hewa, kikiwa kimefungwa, silinda inavuta utupu na geji inashuka hata 30 psi bila ringi kuwa na kosa lolote. Kama kuna silinda itakayokutia shaka siku za mbele, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, hapo ndipo uzungumze habari ya ringi. Isipopanda, tazama valvu, na kwenye gari lililolala miaka, valvu iliyoota kutu kwenye kiti chake ni jambo la kawaida.

Sasa hiyo 240. Mwambie mzee kwa adabu: 240 ni ukubwa wa injini, lita 2.4. Ni silinda sita kwa mstari, kipenyo milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7, jumla cc 2,393. Ndiyo maana ndugu zake waliofuata wakaitwa 260Z na 280Z, na hakuna aliyedai kwamba wa mwisho alikimbia 280. Mwendo wa juu wa 240Z ya kiwandani ni kama kilomita 200 kwa saa, maili 125. Aliyeiona ikigonga 240 alikuwa anatazama mshale wa spidomita, na mshale huo nitaufikia.

Farasi 151 na farasi 130 zote ni kweli, na zote ni za injini hiyohiyo. Tofauti ni namna ya kupima. 151 kwenye mizunguko 5,600 kwa dakika ni kipimo cha kizamani cha Marekani: injini imefungwa kwenye stendi ikiwa tupu, haina feni ya kuzungusha, haina kisafisha hewa wala silensa ya gari, na taimingi imewekwa pale inapopendeza kwa wakati huo. 130 ni kipimo cha Kijerumani, DIN, ambamo injini imevaa vitu vyote inavyotembea navyo barabarani. Kampuni za Marekani zenyewe zilihamia kwenye kipimo cha injini iliyovaa kuanzia magari ya 1972, ndiyo maana ukisoma vitabu vya miaka hiyo unaona magari mengi kana kwamba yalidhoofika usiku mmoja. Hayakudhoofika, ni mizani iliyobadilishwa. Wewe tumia 130. Na ukumbuke hiyo ni nyuma ya injini. Gia boksi, propela na difu vinakula sehemu yake, hivyo kwenye matairi ya nyuma zinafika 110 hadi 115.

Hizo nazo ni za pwani, siku ya ubaridi. Kaburetaa haina tabo ya kuisukumia hewa, kwa hiyo injini inapumua kilichopo. Kwa urefu wa Tabora na joto la nyuzi 30 mchana wa Oktoba, zidisha kwa 0.84: farasi 130 zinabaki 110 hivi. Kigoma kwa joto hilohilo zinabaki 115. Alfajiri ya Julai, Tabora ikiwa na baridi, unarudishiwa farasi mbili au tatu. Kama ujana wa mzee na gari hili ulipita Dar es Salaam au Tanga, basi kumbukumbu yake ni sahihi kabisa: gari ni lilelile, ila farasi ishirini zimebaki pwani.

Kuna jambo hapa linalowachanganya hata watu wenye uzoefu. Mwendo wa juu haushuki kwa kiasi hicho. Gari likiwa kwenye 190, kazi kubwa ya injini ni kupasua hewa, na hewa ileile nyembamba inayoinyima injini nguvu ndiyo hiyo nyepesi kupasuliwa. Vitu viwili vinapungua pamoja, karibu vinafutana. Hasara inayobaki ni ya matairi kubingirika, ambayo haijali urefu wa mahali. Kwa hesabu, 240Z nzima inapoteza kilomita chache tu kwa saa Tabora ukilinganisha na pwani. Panapouma ni kwenye kuchomoka: kutoka kusimama, kupita lori la tumbaku, kupanda mlima. Ndiko mzee anakoona upungufu, na yuko sahihi kuuona.

Kuhusu muda wa kuchomoka, majarida ya Marekani ya 1970 yaliipima kutoka sifuri hadi maili 60 kwa saa na kupata sekunde 8 na ushee, mengine karibu 9. Angalia mambo mawili kabla hujazishika namba hizo. Maili 60 ni kilomita 96.6, siyo 100, na hizo kilomita tatu na nusu zinakula kama nusu sekunde. La pili ni gia. Kwa boksi ya gia nne na difu ya 3.364, gia ya pili inafikisha 100 ikiwa injini iko karibu mizunguko 6,400, mstari mwekundu ukianza 7,000. Dereva anayeionea injini huruma akabadilisha kwenye 5,800 analazimika kuingia ya tatu kabla ya 100, na badiliko hilo moja ni nusu sekunde nyingine. Kwa hiyo sifuri hadi 100 ya pwani iweke 9 hadi 9.5 kwa dereva asiye na huruma, na Tabora mchana 10 hadi 11. Gari lako likitoa 10.5, hakuna kitu kilichoharibika.

Ila kwanza ujue una difu gani, kwa sababu usukani wa kulia unaleta shaka. Yaliyokwenda Marekani yalikuwa na gia nne na difu ya 3.364. Yaliyokwenda Uingereza yalikuwa na gia tano na difu ya 3.9. Na katika miaka hamsini, boksi na difu huhama kutoka gari hadi gari. Inua nyuma yote kwa jeki, weka stendi, toa gia. Piga mstari wa chaki kwenye propela. Msaidizi ashike gurudumu moja lisizunguke kabisa, wewe zungusha la pili mara mbili kamili, ukihesabu propela. Ikizunguka mara tatu na theluthi moja hivi, ni 3.364. Ikikaribia mara nne, ni 3.9. Sasa, boksi ya gia tano ikiwa na difu ya 3.9, gia ya tano ni 0.852, ukizidisha unapata 3.32, karibu sawa na gia ya nne ya mwenzake wa Marekani. Zote mbili, kwa tairi ya asili, zinakupa kilomita 34 hadi 35 kwa kila mizunguko elfu moja. Lakini boksi ya gia nne ikifungiwa difu ya 3.9, gari litachomoka vizuri kisha likate pumzi mapema, na litalia sana safari ya Kigoma. Na gia tano yenye difu ya 3.364 litakuwa zito kuliko mlima, na hapo hakuna kaburetaa ya kulaumu.

Tairi ya asili ilikuwa 175 ya rimu 14, ile ya kimo cha zamani, kipenyo kama milimita 634. 195/70R14 inafaa vizuri, tofauti haifiki asilimia moja. 185/65R14, ambayo ndiyo utakayopewa haraka dukani kwa sababu magari madogo mengi yanaivaa, ni fupi kwa asilimia 6. Ukiifunga, spidomita itasoma 106 wakati unakwenda 100, juu ya uongo wake wa kuzaliwa. Hapo ndipo 240 ya mzee inapoanza kupata maelezo.

Sasa tuje kwenye vitu vinavyoiba nguvu hasa kwenye gari lililolala. Nitaanza na kinachosahauliwa kuliko vyote kwa kuwa hakigharimu hata senti. Fungua kifuniko cha kisafisha hewa, msaidizi aketi kwenye usukani na kukanyaga mafuta hadi sakafuni, injini ikiwa imezimwa. Nyanyua pistoni ya kaburetaa kwa kidole na utazame ndani kwa tochi. Kipepeo kinatakiwa kilale kabisa, ukingo wake ukutazame kama ukingo wa sarafu. Kikiwa kimeinama, umepata farasi zako. Fimbo za mafuta za 240Z ni ndefu, zina maungio ya mpira na vibushi vya plastiki, na vibushi hivyo vikiisha pedeli inafika chini kabla kipepeo hakijafunguka. Zulia nene chini ya pedeli linafanya vilevile.

Ukiwa hapohapo, tazama choki. Kaburetaa hizi mbili za Hitachi hazina kipepeo cha choki. Ukivuta choki, jeti yenyewe, kile kitundu cha petroli, inashushwa chini ili petroli iingie nyingi. Waya ukiwa mkavu au springi imechoka, jeti ya kaburetaa moja inarudi na ya pili inabaki chini milimita moja au mbili. Gari linawaka, linatembea, lakini silinda tatu zinakunywa mafuta kupita kiasi. Rudisha choki, ingiza kidole chini ya kila kaburetaa na usukume jeti juu. Isisogee hata kidogo. Ikisogea, safisha, paka grisi nyepesi, badilisha springi.

Kisha pistoni za kaburetaa. Toa kofia ya juu yenye fimbo ya oili, nyanyua pistoni hadi mwisho, achia. Inatakiwa ishuke kwa uhuru na kugota chini kwa sauti ya wazi, na zote mbili zigote kwa muda sawa. Ikikwama katikati, ni utando wa petroli iliyokauka. Osha kwa petroli safi na kitambaa kisichotoa nyuzi, usitumie msasa kamwe, maana nafasi kati ya pistoni na kopo lake ndiyo inayopima hewa. Kopo na pistoni vinakwenda kwa jozi. Ukizifungua zote mbili kwa pamoja mezani ukazichanganya, umejitafutia wiki nzima ya kazi. Oili ya ndani ni nyepesi, namba 20. Ukimimina 20W-50 ya injini, pistoni inapanda kwa uvivu kila unapokanyaga, petroli inazidi kwa muda mfupi na gari linajikohoza kabla ya kuchomoka. Mafundi wengi huliita kosa hilo la plagi.

Mchanganyiko wenyewe: kipimo cha kuanzia cha kiwanda ni kupandisha nati ya chini ya jeti hadi mwisho, halafu kuishusha mizunguko miwili na nusu. Hiyo nayo ni ya pwani. Kwa hewa ya Tabora, kaburetaa iliyowekwa hivyo inatoa petroli nyingi kwa asilimia 7 hivi, kwa sababu jeti inaendelea kutoa petroli uzito uleule ilhali hewa inayopita imepungua uzito. Pandisha nati robo mzunguko kwa kila kaburetaa, zote sawa, kisha usome plagi. Kusoma plagi kwa maana yake: plagi mpya, BP6ES, nafasi milimita 0.8, injini ya moto, kanyaga mafuta yote gia ya tatu kwa umbali wa kutosha, kisha kwa pamoja kanyaga klachi na uzime swichi, uache gari lijiendee hadi lisimame. Swichi irudishe hatua moja tu. Ukiirudisha hadi mwisho usukani unaweza kujifunga. Fungua plagi hapohapo barabarani. Kaure ya kahawia hafifu ni sawa. Nyeusi na masizi makavu, pandisha robo nyingine. Nyeupe kama chokaa, rudisha. Plagi iliyosomwa baada ya gari kunguruma gereji dakika kumi haikuambii chochote zaidi ya kwamba lilinguruma gereji dakika kumi.

Na mzee akiipeleka Kigoma usiiguse. Kushuka kutoka Tabora hadi ziwani kunapunguza unene wa mchanganyiko kwa asilimia 2 au 3 tu, na kaburetaa uliyoirekebisha ikatoa plagi ya kahawia Tabora itabaki ndani ya mipaka.

Moto wa plagi. Pointi za distribyuta, nafasi milimita 0.5, na uso wake uwe safi. Zikiwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, kondensa imechoka, badilisha vyote kwa pamoja. Kinacholala zaidi ni vizito vya ndani vinavyosogeza taimingi injini inapokimbia. Grisi yake ya zamani inageuka gundi. Funga taa ya taimingi, chomoa na uzibe bomba la utupu, pandisha injini polepole hadi 3,500. Alama inatakiwa itembee vizuri na kuishia karibu nyuzi 34. Ikibaki palepale ilipokuwa inanguruma, vizito vimeganda, na hapo umepoteza nguvu nyingi kuliko Tabora ilivyokunyang'anya. Fungua distribyuta, osha, oili tone moja kwenye kila pini. Hewa nyembamba ina zawadi moja ndogo: injini haigongi kirahisi, hivyo unaweza kuongeza nyuzi mbili zaidi na bado ikatulia. Ila kwa safari ya Kigoma, rudisha nyuzi hizo mbili kabla hajaondoka. Hili ndilo la kugusa.

Tapeti ni kazi ya nusu saa: injini ya baridi, valvu za kuingiza milimita 0.20, za kutoa 0.25, ya moto ni 0.25 na 0.30. Kwa kuwa cheni ya taimingi ya L24 ni ndefu na inalegea kadiri miaka inavyopita, itazame ukiwa umefungua kifuniko hicho. Silinda ya kwanza, ya upande wa rejeta, ikiwa juu kabisa kwenye kubana, tazama nyuma ya sproketi ya kemshafti: kuna mkwaruzo wa V, na kwenye bati la nyuma yake kuna mfereji mdogo uliolala. V ikiwa upande wa kushoto wa mfereji ukiitazama kutoka mbele, cheni imerefuka na kem imechelewa. Injini iliyochelewa kem inakuwa nzito chini na inaamka juu, jambo ambalo dereva analieleza kama gari kukosa nguvu. Sproketi ina matundu matatu. Ukihamisha pini kutoka la 1 kwenda la 2 unairudisha kem mbele nyuzi 4.

Hapa usikimbilie. Kabla hujalegeza boliti ya sproketi, cheni lazima ishikiliwe kwa kabari ya mbao iingizwe kutoka juu, katikati ya pande mbili za cheni, ikaze kabisa. Chonga kipande cha mninga mkavu, urefu sentimita 25 hivi, kipana juu na chembamba chini, na utoboe tundu juu upitishe waya wa kukivutia. Mbao laini haifai, inachanika na vipande vinaangukia kwenye sampu. Ukitoa sproketi bila kabari, pistoni ndogo ya kukazia cheni inachomoka na kuangukia chini, nawe utakuwa umejiongezea kazi ya kutoa rejeta, puli ya krenki na kifuniko chote cha mbele ili uirudishe. Kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili.

Breki nitazipitia haraka. Mbele ni diski, nyuma ni ngoma, na kwenye gari lililolala pistoni za kalipa hushikwa na kutu. Tembea kilomita kumi bila kubana breki sana, simama kwa kuliacha gari lijiendee, gusa kila rimu. La moto kuliko wenzake ndilo linaloburuta. Silensa iliyobonyea, kichujio cha petroli kilichojaa kutu ya tangi, klachi inayoteleza gia ya nne ukikanyaga: hayo unayajua mwenyewe.

Mzee atataka namba, na namba ipimwe vizuri. Usijaribu 200 kwenye barabara ya Nzega; kuna ng'ombe, kuna baiskeli za mkaa, na breki za 1970 ni breki za 1970. Kipimo kizuri zaidi, na kinachosema ukweli kuliko sifuri hadi 100 kwa kuwa hakitegemei ujanja wa klachi, ni 60 hadi 100 kwenye gia ya tatu bila kubadilisha. Kwanza sahihisha spidomita kwa nguzo za kilomita kando ya barabara: shikilia mshale kwenye 100, msaidizi apime muda kutoka nguzo hadi nguzo. Sekunde 36 kamili ni 100 ya kweli. Sekunde 39 ni 92. Ukiwa na simu yenye GPS, itumie hiyo badala ya mshale, nayo ilinganishe na nguzo mara moja.

Chagua kipande tambarare, alfajiri kabla upepo haujaamka, nusu tangi, yaani lita 30, wewe na msaidizi mmoja tu. Tairi upepo sawa zote. Ingia gia ya tatu, tulia kwenye 50, kanyaga yote, saa ianze mshale ukipita 60 na isimame kwenye 100. Fanya mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, kisha wastani wa zote sita. Ukipima upande mmoja tu unaweza kuwa umepima mteremko. Kwa gia nne na difu ya 3.364, gari lenye uzito wa kilo 1,050 hivi na watu wawili ndani, hesabu ya nguvu na hewa inatoa sekunde 7 hadi 7.5 pwani na 8 hadi 9 Tabora. Huo ni mkadirio wa karatasi, siyo namba ya kiwanda, lakini unatosha kutenganisha gari zima na gonjwa.

Kuna jambo unaweza kumwambia mzee mkisubiri injini ipoe. Mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki ya 1971, mshindi alikuwa 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, na Shekhar Mehta akawa wa pili kwa gari la aina hiyohiyo. 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews na kushinda, tena baada ya kulingana alama za adhabu na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Injini zile hazikuwa za dukani, lakini mashindano yale yalipita kwenye nyanda za juu na matope, mahali ambapo 200 haikuwa na kazi yoyote.

Ukipata 8.5, mrudishie mzee gari lake na umwonyeshe karatasi ya vipimo. Ukipata 10 au zaidi, anza na kipepeo, kisha vizito vya distribyuta, kisha cheni, kwa mpangilio huo, na upime upya baada ya kila kimoja ili ujue ni kipi kilichorudisha sekunde zako.